Maumivu ya Ghafla ya Mgongo na Miguu Inayoishiwa Nguvu: Mwongozo wa Kutambua na Kushughulikia Damu Inayovuja Kuzunguka Uti wa Mgongo

Mgonjwa anayehusika na mwongozo huu hafiki zahanati akisema kwamba damu inavuja ndani ya mgongo wake. Anafika akisema kwamba mgongo au shingo vimemkamata ghafla, mara nyingi usiku au akiwa katika kazi ya kawaida, na kwamba maumivu hayo ni makali kuliko yote aliyowahi kuyapata. Saa chache baadaye miguu inaanza kuwa mizito, ganzi inapanda kutoka kwenye nyayo, na mkojo hautoki. Tangu maumivu yaanze hadi miguu ipooze kuna muda mfupi ambao tiba inaweza kumrudisha mtu huyu katika kutembea, na muda huo ndio unaopotea kwa urahisi zaidi.

Ninawaandikia matabibu, wauguzi na madaktari wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zilizo kusini mwa Ziwa Victoria, kuanzia Ukerewe na Sengerema hadi Magu, Misungwi na Kwimba, pamoja na wenzao wa hospitali kubwa za jijini Mwanza wanaopokea rufaa zao. Ndugu wa mgonjwa nao watafaidika na hatua mbili za mwanzo.

Ugonjwa wenyewe ni adimu. Kadirio linalotumika sana ni mgonjwa mmoja kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, na kwa kuwa sensa ya 2022 iliuhesabia Mkoa wa Mwanza watu zaidi ya milioni 3.6, inawezekana wako watu watatu au wanne mkoani kila mwaka, wengi wao wakiandikiwa ugonjwa mwingine. Si ugonjwa mpya hata hivyo: ulielezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1869, na upasuaji wa kwanza wa kuuondoa uliandikwa mwaka 1897.

Kinachotokea ndani ya mgongo

Uti wa mgongo umelala ndani ya mfereji wa mifupa unaoundwa na pingili, ukiwa umefunikwa na utando mgumu. Kati ya utando huo na mifupa kuna nafasi ndogo yenye mafuta na mtandao wa vena nyembamba zisizo na vali. Kwa sababu hazina vali, msukumo wa kifua na tumbo huzifikia moja kwa moja mtu anapokohoa kwa nguvu, anapojikamua chooni, anapopiga chafya, anapotapika au anapoinua mzigo mzito. Inaaminika kuwa nyingi kati ya damu hizi hutoka katika vena hizo, ingawa baadhi hutoka katika ateri au katika mishipa iliyoumbwa vibaya tangu kuzaliwa. Bonge la damu hukaa zaidi upande wa nyuma, kwa kuwa upande wa mbele utando umeshikamana na kano la pingili. Sehemu zinazoshambuliwa mara kwa mara ni pale shingo inapokutana na kifua, na pale kifua kinapokutana na kiuno.

Damu inaweza pia kuvuja chini ya utando mgumu, katika maji yanayouzunguka uti, au ndani ya uti wenyewe. Inayovuja nje ya utando ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi na ndiyo inayofaidika zaidi na upasuaji wa haraka, kwa hiyo ndiyo nitakayoishughulikia, nikitaja nyingine pale tu zinapobadilisha uamuzi.

Hatua ya kwanza: sikiliza maumivu na uandike saa

Maumivu ya mgongo ni malalamiko ya kila siku katika vituo vyetu, na wavuvi wanaovuta nyavu usiku kucha, wabeba mizigo wa mialoni na kina mama wanaobeba ndoo za maji huja nayo kwa mamia. Maumivu ya misuli huja polepole, hutulia mtu akilala, na mgonjwa anaweza kueleza kazi iliyoyaleta. Maumivu ya damu inayovuja huanza ghafla kiasi kwamba mgonjwa anakumbuka alikuwa akifanya nini dakika ile. Hukaa sehemu moja ya shingo au mgongo, kisha hutawanyika kwenye bega, mkono, mbavu au mguu kwa kufuata njia ya neva, na kulala hakuyatulizi. Yanapozunguka kifua yameshawahi kudhaniwa kuwa ya moyo.

Uliza saa tatu na uziandike: saa maumivu yalipoanza, saa udhaifu au ganzi ilipoanza, na saa ya mwisho mgonjwa alipokojoa mwenyewe. Tumia mfumo wa saa 24, yaani 20:00 badala ya saa mbili usiku, kwa sababu karatasi ya rufaa itasomwa na mtu mwingine, katika hospitali nyingine, pengine alfajiri, na kosa la saa sita katika karatasi hiyo linaweza kumfanya daktari wa upasuaji aamini kwamba muda umekwisha wakati bado upo.

Hatua ya pili: pima miguu, ngozi na kibofu kabla ya kuchoma sindano yoyote

Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu zaidi, kwa kuwa kipimo kinachookoa mgonjwa huyu hakihitaji mashine. Kinahitaji dakika kumi, kidole, kijiti na uamuzi wa kumvua mgonjwa viatu.

Anza na nguvu. Mlaze chali, mwambie ainue mguu mmoja akiwa ameunyoosha, kisha akunje goti, kisha avute kidole gumba cha mguu kuelekea usoni, nawe ukimzuia kwa mkono wako. Rudia upande wa pili, na kama maumivu yako shingoni, pima pia kukunja kiwiko, kukinyoosha na kushika kidole chako kwa nguvu. Toa alama kutoka 0 hadi 5: sifuri ni misuli isiyotikisika kabisa, tatu ni mguu unaoinuka dhidi ya uzito wake lakini unashindwa ukiuzuia, tano ni nguvu kamili. Andika namba ya kila upande. Neno «dhaifu» peke yake halimsaidii mtu atakayempima tena baada ya saa mbili kujua kama mgonjwa anaporomoka au anapata nafuu.

Kisha hisia. Vunja kijiti safi upate ncha kali, gusa ngozi kuanzia nyayo ukipanda taratibu pande zote mbili, na mwombe mgonjwa, akiwa amefumba macho, aseme pale mchomo unapoanza kuwa mkali. Mstari huo unaonyesha takriban mahali uti unapobanwa: chuchu ni usawa wa neva ya nne ya kifua, kitovu ni ya kumi, na kinena ni ya kwanza ya kiuno. Bonge linaweza kuwa pingili kadhaa juu ya mstari ulioupata, na ndiyo maana picha ya kiuno peke yake haitoshi.

Tatu ni kibofu na njia ya haja kubwa, sehemu ambayo huachwa kwa aibu. Papasa tumbo chini ya kitovu. Kibofu kilichojaa kwa mtu asiyehisi haja ya kukojoa ni dalili nzito, na mkojo unaotiririka wenyewe mara nyingi ni wa kibofu kilichofurika. Kwa ruhusa ya mgonjwa na kwa staha, gusa ngozi inayozunguka njia ya haja kubwa kwa ncha ya kijiti, na kwa kidole chenye glavu pima kama misuli inabana. Mweleze kwanza kwa nini unafanya hivyo. Mzee wa kijijini akielezwa kwa heshima kwamba kipimo hiki kinahusu kutembea kwake, aghalabu hukubali.

Usitegemee goti kuruka. Katika saa za mwanzo za kubanwa kwa ghafla miguu inaweza kuwa legevu na isiyoruka kabisa, na hali hiyo imewapotosha wengi wakadhani tatizo liko kwenye neva za miguuni na si kwenye uti.

Kwa mtoto mdogo mtindo ni tofauti. Atalia anapoinuliwa, atakataa kukaa au kusimama, shingo inaweza kukakamaa au kuinama upande, na aliyekuwa ameanza kutembea ataacha. Mtoto wa kiume mwenye hemofilia (ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri) anayefanya hivyo achukuliwe kuwa anavuja damu hadi ithibitike vinginevyo.

Matokeo ya hatua hii ni swali moja. Je, kuna maumivu makali ya ghafla ya shingo au mgongo pamoja na udhaifu, mstari wa ganzi au mkojo uliokwama? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni dharura ya uti wa mgongo hata kama jina la ugonjwa halijajulikana, na rufaa ianze kupangwa sasa, hatua zinazofuata zikifanyika sambamba. Kama maumivu ni ya aina hiyo lakini viungo bado vina nguvu, usimruhusu kwenda nyumbani. Mpime tena kila saa.

Hatua ya tatu: tafuta kinachozuia damu yake kuganda

Katika wagonjwa wengi, pengine nusu, chanzo hakipatikani. Kinapopatikana, kinachoongoza ni dawa za kuzuia damu kuganda. Kanda ya Ziwa ina watu walioharibiwa vali za moyo na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na baadhi yao wamewekewa vali za bandia katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam au nje ya nchi, kisha wakarudi nyumbani na vidonge vya warfarini vya maisha yao yote. Wengine wanavimeza kwa sababu ya damu iliyoganda mguuni au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Usiulize tu kama anatumia dawa. Omba kadi ya kliniki na mfuko wa dawa, na kama vimeachwa nyumbani, mwambie ndugu apige simu asomewe majina.

Halafu uliza alipewa nini katika wiki mbili zilizopita, kwa sababu warfarini iliyokaa sawa miezi mingi huvurugwa na dawa nyingine. Metronidazoli ya kuhara, kotrimoksazoli, siprofloksasini na flukonazoli zote huongeza nguvu yake. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza, na hatari huja mgonjwa anapomaliza dawa za kifua kikuu huku kipimo cha warfarini kikiwa bado ni kile kilichopandishwa kipindi hicho. Uliza pia kuhusu mitishamba bila kumkemea mgonjwa, kwa maana akikemewa atanyamaza.

Zaidi ya hapo, tafuta aspirini ya kila siku, ugonjwa wa ini, upungufu wa chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kugandisha), saratani ya damu, hemofilia katika ukoo, ujauzito, na kuumwa na nyoka katika siku za karibuni. Selimundu, ambayo iko kwa wingi katika kanda hii, nayo imewahi kuandikwa kuambatana na damu ya namna hii, lakini maumivu ya mgongo ya selimundu ni ya kawaida mno, na hapo vipimo vya hatua ya pili ndivyo vitakavyoyatenganisha.

Kama maabara haiwezi kupima INR (namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani; ikipanda, inachelewa zaidi), chukua mililita 2 za damu, ziweke katika chupa kavu na safi ya kioo, iache dakika 20 bila kuitikisa, kisha iinamishe mara moja. Damu ambayo bado ni maji inaonyesha kasoro kubwa ya kuganda. Kipimo hiki kimejijengea jina kwa walioumwa na nyoka. Hakigundui kasoro ndogo, kwa hiyo damu iliyoganda isikufanye uiondoe warfarini katika orodha ya washukiwa.

Hatua ya nne: tenganisha na yale yanayofanana nayo

Anayefanana zaidi, na kwa hatari kubwa zaidi, ni kiharusi. Bonge likikaa upande mmoja wa shingo, mgonjwa anaweza kupooza mkono na mguu wa upande huo tu, na kila aliyepo atasema ni kiharusi. Tazama uso. Katika kubanwa kwa uti mdomo haupindi, maneno hayapotei, na kuna maumivu ya shingo yaliyotangulia. Hisia ya mchomo ikipotea upande wa pili wa ule uliopooza, jibu liko mgongoni. Mgonjwa wa namna hii akipewa aspirini, au dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, damu itaendelea kuvuja. Picha safi ya CT ya kichwa haitoshi kumpa dawa hizo, kwa kuwa tatizo lake haliko kichwani.

Ufuoni mwa ziwa hatuwezi kusahau kichocho. Mayai ya minyoo hiyo yanaweza kufika kwenye uti na kuleta maumivu ya kiuno, miguu dhaifu na mkojo kukwama, kwa kawaida kwa siku au wiki kadhaa, mara nyingi kwa kijana. Kifua kikuu cha pingili huja kwa miezi, pamoja na kukonda, jasho la usiku na pengine nundu mgongoni. Usaha kuzunguka uti huleta homa, ingawa si kila mara. Kupooza kunakoanzia miguuni na kupanda bila mstari wa ganzi na bila maumivu ya ghafla huelekeza kwenye ugonjwa wa neva za pembeni. Kwa watoto, uvimbe wa Burkitt unaweza kuubana uti. Mshipa mkuu wa moyo unapochanika nao huleta maumivu ya ghafla ya mgongo na kupooza, basi pima msukumo wa damu mikono yote miwili. Magonjwa haya yote yanayobana uti yanahitaji picha ya haraka, kwa hiyo kushindwa kuyatofautisha zahanati si sababu ya kuchelewa.

Hatua ya tano: huduma ya kwanza, na mambo ya kutofanya

Hakikisha anapumua vizuri, hasa akiwa na maumivu ya shingo, kwa maana bonge la juu linaweza kudhoofisha misuli ya kupumua. Weka njia ya mshipa, chukua damu, weka mpira wa mkojo na uandike kiasi kilichotoka. Msukumo wa damu usishuke. Ule wa juu uliosababishwa na maumivu hushuka wenyewe maumivu yakitulizwa, na kuushusha kwa pupa kunaunyima uti uliobanwa damu kidogo inayoufikia. Mpe parasetamoli gramu 1, na ikibidi mofini kidogo kidogo kwa njia ya mshipa.

Diklofenaki isitumike. Najua kwamba sindano yake ndiyo jibu la kwanza la maumivu ya mgongo katika vituo vingi na katika maduka ya dawa, lakini inadhoofisha kazi ya chembe sahani, na sindano yoyote ya kwenye msuli kwa mtu ambaye damu yake haigandi huweza kuleta uvimbe wa damu pajani. Ibuprofeni na aspirini ziachwe vilevile. Mgonjwa asikandwe, asichuliwe, asivutwe shingo wala kupigwa chuku. Na asichomwe sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo kwa kudhani ni homa ya uti wa mgongo, hata kama shingo imekakamaa, hadi picha ipatikane na uwezo wa kuganda ujulikane, kwa sababu sindano hiyo inaweza kuongeza damu na kuzidisha kubanwa. Kama homa ipo na maambukizi yanashukiwa kweli, antibayotiki ianzishwe bila kusubiri maji hayo.

Hatua ya sita: rufaa ianze kabla ya uhakika

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ndiyo mwelekeo wa kawaida wa mgonjwa huyu, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili ya Dar es Salaam ndiyo njia ya pili pale huduma inapokosekana. Piga simu kwanza. Uliza mambo matatu: je, mashine ya MRI (ya kupiga picha kwa sumaku) inafanya kazi leo, je, daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu yupo, na je, benki ya damu ina plazima (maji ya damu yenye protini za kugandisha)? Kumpeleka mgonjwa hospitali ambayo mashine yake imeharibika ni kumpotezea saa ambazo hazirudi.

Jiografia yetu lazima iingie katika hesabu. Kutoka Sengerema na Geita njia imefupika tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, na gari la wagonjwa halisubiri tena kivuko pale. Ukerewe bado ni kisiwa: meli ya Nansio ina ratiba yake, na njia ya Rugezi kwenda Kisorya inategemea kivuko kisha barabara ndefu kupitia Bunda. Kwa hiyo Mganga Mfawidhi wa kisiwani ajue mapema, kabla mgonjwa hajatokea, boti gani inaweza kuondoka usiku na nani wa kumwomba ruhusa. Visiwa vidogo vinahitaji mpango huo hata zaidi.

Njiani mgonjwa alale sawa juu ya ubao au godoro gumu, asafirishwe na mhudumu, asipakiwe kwenye bodaboda. Katika karatasi ya rufaa maneno ya kwanza yawe «dharura ya uti wa mgongo», zikifuatiwa na zile saa tatu, alama za nguvu, mstari wa ganzi, na dawa zote anazotumia pamoja na saa ya dozi ya mwisho.

Hatua ya saba: picha

MRI ya mgongo mzima ndiyo kipimo cha kuamua. Katika saa 24 za mwanzo bonge hung'aa bila usawa kwenye picha za T2, huku kwenye T1 (T1 na T2 ni aina mbili za picha za MRI) likiwa na rangi inayokaribiana na ya uti wenyewe, na hapo ndipo msomaji wa haraka anaweza kulipita. Baada ya siku moja au mbili huanza kung'aa kwenye T1 pia. Umbo lake ni la dengu ndefu iliyolala nyuma ya uti, ikishuka pingili kadhaa. Picha za kufifisha mafuta hulitofautisha na mafuta ya kawaida ya eneo hilo, na dawa ya kung'arisha husaidia kuutambua usaha au uvimbe.

Kama MRI haipatikani, CT inaweza kuonyesha weupe nyuma ya uti, lakini CT isiyoonyesha kitu haimwondolei mgonjwa hatari. Eksirei ya kawaida haionyeshi damu hii kabisa, na mgonjwa anayepooza asipangwe foleni kwa ajili yake.

Hatua ya nane: kurudisha uwezo wa damu kuganda

Kazi hii isisubiri picha kwa mtu ambaye sababu yake inajulikana. Anayetumia warfarini apewe vitamini K miligramu 10 kwa mshipa, ikichanganywa na maji ya dripu na kupitishwa polepole kwa dakika 20 hadi 30, kwa kuwa inaweza kuleta mzio mkali. Vitamini hiyo huchukua saa nyingi kufanya kazi, hivyo apewe pamoja nayo mchanganyiko wa protini za kugandisha damu kama upo, au plazima mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, ukiangalia moyo wake usielemewe, jambo lenye uzito kwa mgonjwa wa vali. Pima INR tena baada ya hapo. Madaktari wengi wa upasuaji hutaka ishuke chini ya 1.5.

Aliyepewa heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, hurudishwa kwa protamini, miligramu 1 kwa kila yuniti 100 za saa chache zilizopita, isizidi miligramu 50. Chembe sahani zilizo chini ya 100,000 kwa maikrolita ziongezwe kabla ya kisu. Mgonjwa wa hemofilia apewe protini anayoikosa mara anapofika, kwa lengo la kuifikisha karibu na kiwango kamili, kisha ndipo aende kwenye picha. Aliyeumwa na nyoka anahitaji dawa ya sumu, kwa maana plazima pekee humezwa na sumu iliyobaki.

Mwenye vali ya bandia atakuwa na hofu ya kuachishwa warfarini, na hofu hiyo ina msingi. Aelezwe kwamba kusimamisha kwa siku chache kuna hatari ndogo kuliko kuacha damu ivuje kwenye uti, na kwamba siku ya kuirudisha itapangwa na daktari wa upasuaji pamoja na wa moyo.

Hatua ya tisa: kupasua au kusubiri

Upasuaji ni kuondoa sehemu ya nyuma ya pingili, kulitoa bonge na kuzuia mshipa unaovuja. Mambo mawili hutabiri matokeo kuliko mengine: mgonjwa alikuwa na nguvu kiasi gani kabla ya kupasuliwa, na muda uliopita tangu udhaifu uanze. Wanaopasuliwa ndani ya saa 12 hufanya vizuri zaidi. Takwimu za zamani zilizokusanya wagonjwa wengi ziliona faida hadi saa 36 kwa waliopooza kabisa na hadi saa 48 kwa waliobakiwa na nguvu au hisia kiasi, kwa hiyo aliyechelewa kwa sababu ya ziwa asikataliwe kwa kutazama saa peke yake. Nasisitiza hili kwa sababu wagonjwa wa visiwani mara chache watafika ndani ya saa 12, na baadhi yao bado wanaweza kusimama tena.

Kusubiri bila kupasua kunafaa kwa mgonjwa ambaye udhaifu wake ni mdogo sana au unaondoka kwa kasi inayoonekana, au ambaye hali ya mwili wake haivumilii usingizi wa upasuaji. Hata hapo alazwe katika hospitali yenye chumba cha upasuaji kilicho tayari, apimwe nguvu na hisia kila saa kwa siku ya kwanza, na alama moja ikishuka daktari aitwe usiku huohuo. Dawa za steroidi hazijathibitishwa kusaidia na zisichukue nafasi ya upasuaji.

Hatua ya kumi: baada ya hapo

Mgonjwa asiyehisi ngozi yake hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na ndugu wanaolala naye wodini wafundishwe kukagua visigino, nyonga na tako kila asubuhi. Mpira wa mkojo wa kudumu ubadilishwe mapema kuwa utaratibu wa kutoa mkojo kwa vipindi kama mgonjwa au ndugu anaweza kuujifunza. Mazoezi ya viungo yaanze kitandani. Nguvu inaweza kuendelea kurudi kwa miezi mingi, na familia iambiwe hivyo ili isikate tamaa wiki ya tatu.

Aliyeumia juu ya kifua cha kati afundishwe hatari moja ya maisha: kichwa kuuma ghafla, jasho, uso kuwa mwekundu na msukumo wa damu kupanda mno, mara nyingi kwa sababu mpira wa mkojo umeziba au choo kimekwama. Aketishwe wima, nguo zilegezwe, mpira ukaguliwe, na kama hatulii apelekwe hospitali.

Ambaye chanzo hakikupatikana arudiwe picha, na achunguzwe mishipa iliyoumbwa vibaya. Anayerudi kwenye warfarini aondoke na kadi iliyoandikwa wazi kwamba amewahi kuvuja damu mgongoni, tarehe ya INR inayofuata, na agizo kwamba kila anapopewa dawa mpya, hata ya siku tano, INR ipimwe upya ndani ya siku chache. Kadi hiyo aionyeshe pia kwenye duka la dawa la mtaani kwake.